Baridi ya Malava Yasingiziwa

Katika mji wa Malava, ulio kando ya barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye, imekita mizizi itikadi moja juu ya magari makuukuu, nayo yashikwa kwa pamoja na wenye magari, madereva wa matatu na mafundi wengi, hata imekuwa kama sheria isiyoandikwa. Yasema itikadi hiyo kwamba gari lililokwisha kula miaka, likiwashwa alfajiri likakohoa, likatetemeka na kuzima mara mbili tatu kabla ya kushika moto barabara, halina ugonjwa wowote isipokuwa baridi ya asubuhi na uzee wa injini. Dawa iliyoagizwa ni kuvumilia: mwenye gari na akanyage mafuta, aliache lingurume robo saa mpaka lipate moto, na uvumilivu ukimwisha anunue plagi mpya, plagi zisipofaa anunue betri, na betri isipofaa aliuze gari, mashaka yake yamwendee mwingine.

Muradi wa makala haya ni kuipinga itikadi hiyo tangu shina hadi tawi. Nadai kwamba baridi ya Malava haina nguvu za kuiangusha injini nzima. Kwamba uzee ni neno la jumla lisilotaja kasoro yoyote ipatayo kutengenezwa. Na kwamba sababu hasa ya magari yetu kuendelea kusumbua asubuhi baada ya asubuhi ni desturi ya kuyapima mchana, yakiwa moto, na kumlipa fundi kwa vyuma alivyobadilisha badala ya kumlipa kwa maarifa aliyotumia.

Insafu yataka hoja ya mpinzani itajwe kwa nguvu zake zote kabla ya kujibiwa. Ni kweli kwamba petroli huwaka ikiwa mvuke, na kwamba katika baridi haigeuki mvuke kwa wepesi, hata sehemu yake nyingine hubaki matone matone kwenye kuta za njia ya hewa, isifike silindani kwa kadiri itakiwayo. Ni kweli kwamba betri hudhoofika katika baridi na kwamba oili huwa nzito. Ni kweli pia, na hii ndiyo hoja yao kubwa, kwamba gari lile lile lililotetemeka saa kumi na mbili asubuhi huenda vizuri kabisa saa tatu, wala hakuna aliyeligusa kwa spana. Kwa hiyo, wasema, kilichobadilika ni joto peke yake, na maadamu joto ndilo lililoponya, baridi ndiyo iliyolitia gari ugonjwa.

Hoja hii ingekuwa na uzito lau wanaoitoa wangeuliza swali moja dogo: baridi ya kiasi gani? Malava iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika usiku wa Julai, ambao wenyeji huuona mkali, kipimajoto huteremka hadi nyuzi 12 au 14 hivi. Sasa itazamwe oili ya daraja la 20W-50, ambayo imejaa madukani na ambayo watu huishutumu kwa uzito wake kila asubuhi. Kwa kanuni za kimataifa za kupima oili, wepesi wa daraja hilo wakati injini inapozungushwa hupimwa katika nyuzi 15 chini ya sifuri. Oili iliyofaulu mtihani huo yawezaje kushindwa na nyuzi 13 juu ya sifuri? Betri nayo, hata ikifikwa na baridi ya kugandisha maji, hupoteza sehemu tu ya nguvu zake, na Malava maji hayagandi. Fauka ya hayo, wako wenzetu wa Molo na Limuru, ambao usiku wao hushinda wetu kwa ubaridi kwa mbali, nao huwasha magari ya umri huo huo wakaenda zao sokoni.

Tena gari lenyewe limetoka wapi? Kanuni ya KS 1515:2000 ya Shirika la Viwango la Kenya yaruhusu kuingizwa nchini magari yaliyotumika ambayo hayajapita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na aghalabu ya hayo hutoka Japani. Corolla au Probox iliyokuwa ikiwashwa katika theluji ya Hokkaido, majira ya baridi baada ya majira ya baridi, haiwezi kufika huku Malava ikashtushwa na umande wa mashamba ya miwa. Ikiwa sasa inashtuka, basi kimeharibika kitu ambacho kule kilikuwa kizima, na kitu hicho kina jina.

Hapo ndipo mpinzani huhama kutoka kwa baridi akakimbilia uzee. Husema: kilichoharibika ni umri wenyewe. Lakini uzee hauna parafujo ya kufungua wala haununuliwi dukani. Yanayotokea ndani ya gari lililozeeka ni mambo mahsusi: mpira hukauka na kupasuka, masizi hujikusanya kwenye koo la kupitishia hewa, terminali huota kutu, waya za plagi huvujisha umeme, sensa husema uwongo, valvu ndogo ya pampu ya petroli hushindwa kuyazuia mafuta yasirudi tangini usiku. Kila moja lina mahali pake, dalili zake na bei yake, na karibu yote ni rahisi kuliko gari jingine. Anayeyakusanya yote akayaita uzee amefunga faili kabla ya kuisoma. Ithibati ni kwamba pale stendi utayaona magari mawili ya mwaka mmoja na injini moja, hili likiwaka kwa mzunguko wa kwanza na lile likiomba kusukumwa. Umri ukiwa mmoja, hitilafu haiwezi kuwa umri.

Wenye kumbukumbu watazame nyuma kwenye Peugeot 504, gari lililoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na ambalo kwa umbo lake la kubebea abiria lilihudumia safari ndefu za Kenya miaka mingi hata baada ya Ufaransa kuacha kuunda saloon yake mwaka 1983. Mengi ya magari hayo yalikuwa ya kabureta. Dereva alivuta choki, mlango mdogo ukapunguza hewa, petroli ikazidi, injini ikashika. Ilipopata moto alirudisha choki. Alijua kwa nini anafanya afanyavyo. Leo gari ni la sindano za mafuta zinazoamrishwa na kompyuta, choki haipo, lakini desturi za zama za kabureta zimebaki bila maarifa yake. Dereva hupiga pedali mara tatu nne kabla ya kugeuza ufunguo, kama alivyomwona mjomba wake akifanya. Katika kabureta pedali hiyo ilirusha petroli kweli. Katika gari la sindano haimwagi hata tone injini ikiwa imelala. Hapana ubaya mkubwa katika ibada hiyo, ila yaonyesha jinsi tunavyolitibu gari moja kwa elimu ya gari jingine.

Nifike sasa kwenye kiini. Gari lililokataa alfajiri hupelekwa gereji saa sita au saa saba, mwenyewe akishamaliza shughuli zake. Mazungumzo ya hapo yanajulikana kwa kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la gereji ya kandokando ya barabara. Fundi hugeuza ufunguo, injini huwaka papo hapo, naye huinua kichwa kutoka chini ya boneti. "Mzee, hii gari iko sawa." Mwenye gari husema, "Asubuhi inanisumbua sana." Fundi hufuta mikono kwa kitambaa. "Ni baridi, na pia imezeeka. Tuweke plagi mpya tuone." Plagi huwekwa, pesa hulipwa, wala hakuna aliyeona lolote, kwa maana injini ilikuwa moto, na kasoro iliyotafutwa haipo katika injini moto. Ni sawa na kumpeleka mgonjwa wa malaria zahanati homa ikiwa imeshuka, kisha kumpa dawa ya tumbo kwa kuwa ndiyo iliyo karibu.

Simtwiki fundi lawama peke yake, kwani hatia kubwa i kwa mwenye gari. Sisi tulio wepesi wa kulipia chuma kilichomo ndani ya sanduku jipya ni wagumu wa kulipia saa moja ya mtu mwenye akili aliyekaa kimya akisikiliza injini. Fundi akisema, "Nimelichunguza, plagi zako ni nzima, sijabadilisha kitu, nilipe," ataitwa mwizi. Akibadilisha plagi nzima kwa plagi nyingine ataitwa hodari. Basi amejifunza kutokana nasi. Kila kifaa kinachobadilishwa kwa kubahatisha hulipiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa fedha na mara ya pili kwa siku ambazo kasoro ya kweli imezidi kukomaa.

Uchunguzi ulio sahihi hauhitaji miujiza. Injini ya petroli, ili iwake ingali baridi, yataka mambo manne: izungushwe kwa kasi, ipate cheche, ipate petroli na hewa kwa kipimo, na silinda zake zibane. Neno la kwanza ni kusikiliza stata. Ikiwa stata yazungusha kwa kasi yake ya kawaida na injini yashika ila yatetemeka, basi betri haina kesi, na yule anayenunua betri mpya kwa sababu injini inatetemeka baada ya kuwaka ametupa fedha zake. Stata ikizunguka kwa kujikokota, hapo mita ya umeme, chombo ambacho hata mtengeneza redio anacho, itatoa hukumu: betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, na ikisoma 12.2 imebaki nusu. Na ikiwa wakati wa kuzungusha yaanguka chini ya 9.6, aidha imechoka au kuna terminali au waya wa bodi ulioota kutu. Kusugua terminali kwa msasa hakugharimu kitu.

Stata ikiwa nzima, ifuatwe petroli. Katika magari mengi ya sindano pampu hupiga kwa sekunde mbili tatu ufunguo unapofika hatua ya kabla ya stata. Mwenye gari na aupeleke ufunguo hapo, asubiri, aurudishe, afanye hivyo mara mbili tatu, kisha awashe. Ikiwa asubuhi hiyo gari lawaka bila manung'uniko, shinikizo la mafuta lilikuwa limevuja usiku, ama kupitia valvu ya pampu ama kupitia sindano isiyofunga. Moshi mweusi na harufu ya petroli mbichi vikitangulia, sindano ndiyo ya kushukiwa, na plagi ya silinda hiyo itatoka imelowa ilhali wenzake wakavu. Hapo plagi imekuwa shahidi. Kuibadilisha bila kuisoma ni kumfukuza shahidi mahakamani.

Kisha iangaliwe sensa ya joto la maji, kidude kidogo ambacho ndicho kilichorithi kazi ya choki. Kompyuta haina mkono wa kuigusa injini; hupata habari kwa ukinzani wa umeme ndani ya sensa hiyo, ambao katika magari mengi ya Toyota ni kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20, ukishuka hadi omu 200 au 400 kwenye nyuzi 80. Sensa iliyoharibika yaweza kuiambia kompyuta alfajiri kwamba injini ni moto. Kompyuta, ikiamini, hutoa petroli haba, injini hukohoa. Maji yakipata moto, uwongo wa sensa na ukweli wa injini hukutana, na gari hutulia. Ndilo fumbo zima lililowafanya watu waseme joto limeliponya gari! Wala mtu asidhani kwamba mashine ya kusoma makosa itamwokoa daima, kwani sensa inayotoa habari za uwongo lakini zinazowezekana haiwashi taa yoyote. Hata hivyo mashine hiyo si lazima: katika Toyota nyingi za miaka ya tisini, kipande cha waya kikiunganisha vituo vya TE1 na E1 kwenye kisanduku kilicho chini ya boneti, taa ya injini hupepesa na kuhesabu makosa yake bure.

Hewa nayo isisahauliwe. Mipira ya kupitishia hewa, iliyokauka, huwa migumu na yenye nyufa ingali baridi, ikaingiza hewa isiyohesabiwa, na ikipata moto hulainika ikajiziba. Koo la hewa lililojaa masizi, pamoja na valvu yake ya kudhibiti mzunguko wa chini, hushindwa kuipa injini baridi ile hewa ya ziada iitakayo, nayo huzima mara mguu uondokapo kwenye pedali. Kwa hili la pili dawa ni kopo la kusafishia na kitambaa. Kwa wenye magari ya dizeli, hesabu ni nyingine: plagi za kupashia moto zikifa mbili kati ya nne, gari litawaka kwa kutetemeka na moshi mweupe, na hilo lajulikana kwa mita ile ile.

Limebaki jambo ambalo hali ya hewa ya Malava yaweza kushtakiwa kwalo kwa haki, nalo ni unyevu. Huku karibu na Msitu wa Malava, palipo na mvua nyingi na ukungu wa asubuhi, maji hujipenyeza mahali ambapo umeme wa maelfu ya volti unasafiri. Asiyeamini na afungue boneti kabla ya kupambazuka, mwenzake awashe: waya mbovu zitajisaliti kwa cheche za samawati zikirukia chuma, na kofia ya distributa iliyopasuka itaonyesha ufa mwembamba kama unywele, mweusi kwa kaboni, ambao adhuhuri macho huupita. Lakini hata unyevu huu mara nyingi tunaununua wenyewe. Gari hupelekwa kuoshwa, injini ikapigwa maji kwa mashine ing'ae, na katika injini ambazo plagi zake zimezama visimani katikati ya kichwa cha silinda, maji hubaki humo. Kesho yake gari linamisi, na lawama yaendea baridi.

Lipo na la mafuta yenyewe. Serikali ya Kenya ilipotoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ilifanya hivyo kwa kuwa wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na petroli na dizeli ili kujinufaisha kwa tofauti ya bei. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa wepesi wa petroli. Injini moto huyastahimili; injini baridi huyakataa. Kwa hiyo anayenunua petroli ya chupa barabarani, kisha akaona gari limeanza kusumbua asubuhi, asikimbilie spana kabla ya kujaza mafuta ya kituo anachokiamini na kulinganisha asubuhi kwa asubuhi.

Atasema mpinzani: yote haya ni kujisumbua, maana nikiliacha lingurume robo saa latengenea. Hujibiwa kwamba halitengenei, lanyamaza. Petroli inayozidi katika injini baridi huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka ikaizimua oili iliyo chini, na kadiri gari lingurumavyo likiwa limesimama ndivyo linavyokawia kupata moto. Gari zima lahitaji nusu dakika hivi kisha liendeshwe pole pole. Zaidi ya hayo, zipo kasoro ambazo mtetemo wa asubuhi ni onyo lake pekee: gasketi ya kichwa ikianza kuvujisha maji kidogo kidogo ndani ya silinda usiku, injini humisi kwa muda mfupi, hutoa moshi mweupe, kisha husafika. Asiyepima maji ya rejeta hataliona hilo mpaka gasketi ipasuke na kichwa kipinde.

Nakiri kwamba yako magari ambayo ringi zake na valvu zake zimeisha kweli, na kwamba hayo yamestahili kuitwa wazee. Lakini hata hukumu hiyo hutolewa kwa kipimo cha mbano, silinda baada ya silinda, kwanza kikavu, kisha kwa kijiko cha oili: mbano ukipanda, ringi zimelika; usipopanda, tazama valvu au gasketi. Moshi wa samawati wa asubuhi unaotoweka upesi ni dalili ya mipira ya valvu tu, nayo si sababu ya kulihukumu gari zima.

Basi shauri langu kwa wenye magari wa Malava, Butali na vitongoji vyake ni hili. Gari lisilotaka kuwaka alfajiri lipelekwe gereji jioni, lilale huko, na fundi asiliguse mpaka asubuhi, aliwashe mbele ya mwenyewe likiwa baridi kabisa. Malipo ya kuchunguza yakubaliwe kabla, yawe mbali na malipo ya kubadilisha, na yatolewe hata kama hakuna kilichobadilishwa. Fundi atakayetaja sehemu, akaonyesha kipimo chake na kueleza kwa nini kasoro hiyo hujificha mchana, apewe kazi bila kuombwa apunguze bei. Na yule atakayesema ni baridi na uzee aulizwe ni sehemu gani iliyozeeka na imepimwaje. Asipokuwa na jibu, asifungue hata plagi moja.